Rangi Zilizo Juu ya Mashamba: Namna ya Kusoma Ramani ya Mazao Iliyotandazwa juu ya Picha ya Setilaiti

Mvua za masika zinapokaribia, na tena wakati mavuno yanapokadiriwa, wakazi wengi wa Nairobi hukutana na picha za aina moja, ama katika taarifa za habari ama kwenye simu zao: sehemu ya nchi iliyopigwa kutoka angani, mito na barabara zikionekana, na juu yake mabaka ya manjano, kijani, zambarau na nyekundu. Maelezo husema kwamba hiyo ni ramani ya mazao, kisha mjadala huanza. Wapo wanaodhani kwamba nyekundu ni ukame au moto. Wapo wanaoamini kwamba setilaiti imeyaona mahindi yenyewe, kwa hiyo hakuna wa kubisha. Na mkazi wa jiji mwenye shamba Machakos au Nyandarua, akiikuza picha hiyo na kukuta maharagwe yake yamepakwa rangi ya mahindi, huamua kwamba ramani nzima ni uongo. Wote hao wamekosea, na kosa lao lina mzizi mmoja. Picha na rangi huonekana kama kitu kimoja, ilhali ni vitu viwili vilivyopatikana kwa njia tofauti kabisa, na havistahili kuaminiwa kwa kiwango kimoja.

Tuanze na maneno machache. Picha ya setilaiti ni vipimo vya nuru ya jua iliyogonga ardhi na kurudi juu, vikiwa vimepangwa katika vyumba vidogo vya mraba vinavyoitwa pikseli, na kila pikseli huwakilisha kipande cha ardhi chenye ukubwa unaojulikana. Uainishaji wa mazao ni kazi inayofanywa baadaye na kompyuta, ambayo huvichunguza vipimo hivyo na kukiamulia kila kipande jina: mahindi, ngano, chai, malisho, msitu. Matokeo yake, kabla ya kupambwa, si picha hata kidogo. Ni jedwali kubwa la nambari ambamo 1 huenda ikawa mahindi na 2 mpunga. Tabaka la rangi ni nambari hizo zikishapewa rangi na kutandazwa juu ya picha ili msomaji ajue ziko wapi duniani, na ufunguo ni ile orodha ndogo ya pembeni inayoeleza rangi ipi ni ya zao gani. Kabla ya kompyuta, wachoraji wa ramani walifanya jambo hilohilo kwa mikono: walitandaza karatasi angavu juu ya picha iliyopigwa na ndege, wakapaka rangi maeneo waliyoyatambua, na yeyote aliyeinua karatasi hiyo alijua mara moja kipi kilipigwa na kamera na kipi kiliamuliwa na mtu. Kwenye kioo cha simu, karatasi hiyo haiinuki kwa urahisi, na ndiyo maana tofauti hiyo husahaulika.

Setilaiti inayotumiwa zaidi kwa kazi hii leo ni Sentinel-2 ya Umoja wa Ulaya, ambayo kwa hakika ni mfululizo wa setilaiti: ya kwanza ilirushwa mwaka 2015 na ya pili 2017. Huzunguka zikiwa kilomita 786 juu yetu, hupita mahali palepale kila baada ya siku tano setilaiti mbili zikifanya kazi kwa pamoja, na picha zake hutolewa bure kwa yeyote. Kabla yake kulikuwa na Landsat ya Marekani, iliyoanza mwaka 1972 na ambayo bado inaendelea. Picha zake zilifunguliwa kwa umma bila malipo mwaka 2008, na uamuzi huo ndio uliowawezesha watafiti wa nchi zenye bajeti ndogo kufanya kazi ambazo awali hawangeweza kuzilipia. Nairobi yenyewe si mgeni katika mambo haya. Kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kinachojulikana kwa kifupi kama RCMRD kimekuwepo hapa tangu 1975, makao yake yakiwa Kasarani, na Kenya iliirusha setilaiti yake ya uangalizi wa ardhi, Taifa-1, mwezi Aprili 2023, kilimo kikiwa miongoni mwa malengo yake.

Kinachoifanya setilaiti ifae kwa kilimo ni kwamba hupima nuru ambayo jicho la binadamu halina uwezo wa kuiona. Sentinel-2 hupima nuru katika mafungu 13. Jani lenye afya hufyonza nuru nyekundu ili kujitengenezea chakula, lakini hurudisha kwa wingi nuru ya infraredi iliyo karibu na nyekundu, kwa sababu ya jinsi chembechembe za ndani ya jani zilivyojengwa. Jani linapokauka, uwiano huo hubadilika: nyekundu inayorudi huongezeka na infraredi hupungua. Kwa hiyo kutokana na nambari mbili tu, kompyuta inaweza kukadiria mahali fulani pana majani mabichi kiasi gani. Hiyo ndiyo hesabu inayojulikana kama NDVI, na msomaji asiichanganye na uainishaji, maana ramani ya NDVI husema ukijani ni mwingi au ni haba, wala haisemi mmea ni upi.

Hapo ndipo pana ugumu. Mahindi, mtama, miwa na nyasi za nepia zote ni jamii ya nyasi, zote zina majani marefu ya kijani, na katika picha ya siku moja huweza kufanana kiasi kwamba hata mtaalamu hawezi kuapa. Kinachozitofautisha ni kalenda. Mahindi ya Trans Nzoia hupandwa mwezi wa tatu au wa nne, hukijanika kwa kasi, hufikia kilele, kisha hukauka na kuvunwa kuelekea mwisho wa mwaka. Muwa hukaa shambani zaidi ya mwaka mmoja. Viazi vya Nyandarua huiva katika miezi mitatu au minne hivi na kuiacha ardhi wazi tena. Chai ya Limuru na Kericho haina msimu wa kukauka. Huchumwa mwaka mzima ikiwa ya kijani. Mpunga wa Mwea huanza kwa shamba kufunikwa na maji, na maji hayo humeza nuru ya infraredi kiasi kwamba shamba huonekana jeusi kabla halijawa la kijani. Ndiyo maana kompyuta haiulizwi picha hii ina nini, bali hupewa picha za msimu mzima na kuulizwa kila pikseli imepitia safari gani tangu kupandwa hadi kuvunwa. Mawingu yanapoziba, na katika masika huziba kwelikweli, wataalamu huongeza vipimo vya rada kutoka Sentinel-1, kwa kuwa mawimbi ya rada hupenya mawingu na kufanya kazi usiku kama mchana.

Lakini kompyuta haizaliwi ikijua kwamba safari fulani ni ya mahindi. Lazima ifundishwe, na mwalimu wake ni mtu aliyetembea. Maafisa wa kilimo na wahojaji huenda mashambani wakiwa na simu zinazorekodi mahali walipo, wakaandika: hapa ni mahindi, hapa ni kunde, hapa ni kiunga cha maembe. Programu hulinganisha maandishi hayo na safari za pikseli husika, ikajijengea kanuni, kisha ikazitumia kanuni hizo kwa mamilioni ya pikseli ambazo hakuna aliyezitembelea. Mbinu moja iliyoenea hujenga mamia ya miti ya maamuzi, kila mti ukiuliza maswali yake (je, ukijani wa mwezi wa sita ulizidi kiwango hiki? je, ulishuka kabla ya mwezi wa tisa?) na mwishowe kila mti hupiga kura. Zao lenye kura nyingi ndilo linaloandikwa. Msomaji aikumbuke kura hiyo, maana tutairudia.

Kutokana na hayo, lipo jambo ambalo watu wa ukanda huu wanapaswa kulifahamu. Ikiwa wahojaji walitembea Uasin Gishu pekee, ambako mashamba ni makubwa na yamepandwa zao moja, programu yao itapata taabu Makueni, ambako mahindi, mbaazi na kunde hukua katika mistari ya shamba moja. Haikufundishwa kuyajua mashamba hayo. Ramani nyingi zinazoonyesha Afrika nzima huwa na udhaifu wa namna hii, na rangi yake hung'aa sawasawa mahali ambapo walimu walikuwa wengi na mahali ambapo hapakuwa na mwalimu hata mmoja.

Sasa tuangalie ukubwa wa pikseli, kwa sababu hapa ndipo malalamiko mengi ya wenye mashamba yanapozaliwa. Pikseli bora za Sentinel-2 zina upana wa mita 10 kwa mita 10. Ekari moja basi ina pikseli kama 40, na kwa Landsat, ambayo pikseli yake ni mita 30 kwa 30, ekari hiyohiyo ina pikseli nne na nusu tu. Ploti ya futi 50 kwa 100, kipimo ambacho kila mnunuzi wa ardhi pembezoni mwa Nairobi anakijua, ina eneo la pikseli zisizofika tano za Sentinel-2, na kwa kuwa upande wake mfupi una mita 15 tu, huenda pikseli mbili pekee ndizo zitakazoangukia ndani kabisa ya mpaka. Zilizobaki zimeshika nusu ya sukuma za nyumbani, nusu ya barabara ya vumbi na robo ya bati la jirani. Nuru ya vitu hivyo vyote huchanganyika kuwa nambari moja. Ni kama kuitazama sahani ya githeri kutoka ng'ambo ya barabara: mahindi yamo na maharagwe yamo, lakini kinachofika machoni ni rangi moja ambayo si ya mahindi wala si ya maharagwe. Mwenye shamba dogo lililochanganywa akikuta rangi ya zao moja, hajadanganywa. Ramani imelazimishwa kutoa jina moja mahali palipostahili majina mawili.

Na kuna visivyoonekana kabisa. Maua ya Naivasha hulimwa ndani ya vivungulio, na setilaiti huona paa la plastiki, si waridi. Kahawa iliyopandwa chini ya miti ya kivuli huhesabiwa kwa urahisi kuwa miti. Hata maana ya neno shamba hutofautiana kati ya ramani na ramani: ile ramani ya dunia iitwayo WorldCover, iliyotolewa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya kwa miaka ya 2020 na 2021, huonyesha ardhi ya kilimo bila kutaja zao, na kwa ufafanuzi wake huhesabu mazao ya msimu peke yake. Mimea ya kudumu yenye shina la mti huwekwa katika fungu la miti au vichaka. Anayeitumia ramani hiyo kutafuta chai ya Tigoni na kuikosa katika rangi ya kilimo asidhani kuna hitilafu. Amesoma ramani iliyokuwa ikijibu swali jingine.

Tukishafika kwenye utandazaji wenyewe, yaani namna nambari zinavyogeuzwa kuwa rangi na kuwekwa juu ya picha, tunaingia mahali ambapo hata ramani nzuri huweza kuharibika mikononi mwa mtu mwangalifu. Watu huichukulia hatua hii kama urembo. Mimi naiona kuwa ni sehemu ya ukweli wa ramani, kwa sababu karibu kila mtu atakayeitumia ataisoma kwa macho tu.

La kwanza ni uwazi wa tabaka. Ili picha iliyo chini isizibwe, tabaka la rangi hupunguzwa uzito, mara nyingi hadi nusu, na rangi za tabaka na za picha hukutana machoni. Manjano ya mahindi juu ya udongo mwekundu wa Kabete huwa kama machungwa. Manjano hiyohiyo juu ya majani yaliyokoza huwa kijani cha zeituni. Ikiwa ufunguo una machungwa kwa ngano na zeituni kwa malisho, zao moja litasomwa kuwa matatu bila kompyuta kukosea popote. Dawa yake inajulikana, ingawa hupuuzwa: picha ya chini ibadilishwe kuwa ya kijivu kabla ya kutandaziwa rangi, au tabaka lichorwe kama mistari ya mipaka badala ya kujazwa, au msomaji apewe kitelezi cha kulifanya tabaka lififie na kurudi kwa mkono wake mwenyewe. Hicho kitelezi ndicho kinachokaribia kabisa ile karatasi angavu ya zamani iliyoweza kuinuliwa.

La pili ni uteuzi wa rangi. Hakuna sheria ya dunia inayosema mahindi yawe rangi gani. Idara ya Kilimo ya Marekani huchora mahindi kwa manjano na soya kwa kijani katika ramani yake ya kila mwaka, na wengi wameiga, lakini mwingine ana haki ya kuchora mahindi kwa bluu. Kwa hiyo ramani isiyo na ufunguo haisomeki, na picha iliyokatwa pembeni ili itoshee kwenye simu, ufunguo ukaachwa nje, imepoteza nusu ya maana yake. Zaidi ya hayo, wako watu, wanaume hasa, ambao kwa maumbile hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, na ramani inayotenganisha mimea iliyostawi na iliyokufa kwa rangi hizo mbili imewafungia mlango. Jicho la kawaida nalo lina kikomo: mazao 20 yakipewa rangi 20, hakuna atakayetofautisha kijani cha saba na cha nane. Ni afadhali mazao matano makuu yapewe rangi zilizoachana na yaliyosalia yakusanywe katika kijivu.

La tatu halionekani kwa urahisi na ndilo huwaponza wanaoanza kazi hii. Picha inapokuzwa, kupunguzwa au kugeuzwa ili ilingane na ramani ya chini, kompyuta hulazimika kubuni thamani za pikseli mpya. Kwa picha ya kawaida, kuchukua wastani wa pikseli jirani huleta mwonekano laini na hakuna ubaya. Kwa nambari za mazao, wastani ni msiba. Ikiwa 1 ni mahindi, 2 ni mpunga na 3 ni ngano, basi wastani wa mahindi na ngano ni 2, na ghafla kila mpaka kati ya mashamba hayo katika nyanda kavu za Narok utazingirwa na utepe mwembamba wa mpunga. Kwa tabaka la namna hii, thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi ndiyo inayopaswa kunakiliwa kama ilivyo. Madhara yanayokaribiana na hayo hutokea ramani inapotumwa kwa WhatsApp, kwa kuwa picha hubanwa ili iwe nyepesi, na ubanaji huo huchanganya rangi kwenye mipaka na kuzaa rangi ambazo hazimo katika ufunguo. Ramani ya kufanyiwa kazi isambazwe kama faili lake la asili.

La nne ni kulingana kwa mahali. Ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa mfumo wa vipimo uitwao Arc 1960, ilhali setilaiti na simu hutumia ule wa WGS84, na kwa nchi yetu mifumo hiyo imepishana kwa takriban mita 300. Anayetandaza mipaka ya ramani ya zamani juu ya picha mpya bila kuibadilisha ataona kila shamba limehamia kwa jirani. Nambari zote zitakuwa sahihi, na jibu atakalopata kila mwenye shamba litakuwa la mtu mwingine.

Tarehe nazo zinahitaji kuangaliwa. Picha kali ya chini, ile inayoonyesha hadi kivuli cha mti, mara nyingi haikupigwa na setilaiti iliyotumika kuainisha mazao, wala si ya msimu huo. Ni picha iliyoungwa kutoka vipande vya tarehe mbalimbali, vingine vya miaka kadhaa nyuma. Tabaka linaweza kuwa la masika ya mwaka huu, na picha iliyo chini yake ikaonyesha kahawa ya Ruiru mahali ambapo sasa pamejengwa nyumba za kupanga. Msomaji huona rangi ya majengo juu ya miti ya kahawa na kusema kompyuta imekosea, kumbe picha ndiyo iliyochelewa. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: ukali wa picha ya chini huikopesha rangi ya juu uaminifu ambao haijaustahili. Kwa kuwa tunaona kila njia na kila boma, tunahisi kwamba rangi nayo inajua kila njia na kila boma, ingawa kila mraba wake ni kipande cha mita 10 kilichotajiwa jina kwa kukisia, hata kama ni kwa kukisia kulikofunzwa vizuri.

Turudi sasa kwa wale wanaoiogopa nyekundu. Mara nyingi picha inayowatisha haina tabaka lolote. Ni picha ya rangi bandia, ambamo nuru ya infraredi, kwa kuwa haina rangi machoni petu, imepewa nyekundu. Mtindo huo ni wa tangu enzi za filamu za infraredi, zilizotumika katika Vita vya Pili vya Dunia kutofautisha majani hai na vifuniko vilivyopakwa rangi ya majani. Katika picha hizo nyekundu iliyokoza ni mimea iliyostawi, kwa hiyo msitu wa Karura huonekana mwekundu kabisa, na katikati ya jiji ni samawati ya kijivu. Wanaohofia kwamba setilaiti hizi zinawachungulia nyumbani pia watulie, kwa kuwa pikseli ya mita 10 haimwoni mtu wala ng'ombe, na kinachopatikana si video bali picha moja kila baada ya siku kadhaa, inayopigwa asubuhi kabla ya saa sita, mawingu yakiruhusu.

Lipo dai jingine linalohitaji subira zaidi, nalo ni lile la kwamba ramani ina usahihi wa asilimia 90. Idadi hiyo peke yake haitoshi. Tuchukulie kaunti ambayo viazi vimefunika asilimia 10 ya ardhi ya kilimo. Ramani ambayo haikuchora kiazi hata kimoja itakuwa sahihi kwa asilimia 90, na haitamfaa kitu anayetafuta viazi. Maswali yanayofaa ni mawili, na huulizwa kwa kila zao: kati ya mahali palipopakwa rangi ya zao hili, ni pangapi palikutwa nalo kwelikweli, na kati ya mahali penye zao hili kwelikweli, ni pangapi ramani ilipatambua? Majibu hupatikana kwa kutembelea sehemu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu, ambazo hazikutumika kuifundisha kompyuta.

Umuhimu wa maswali hayo huonekana pale mtu anapotaka kujua ukubwa wa eneo, maana maafisa wengi huhesabu pikseli za manjano, wakazidisha na kutangaza hekta. Chukua mfano wa kubuni. Ramani inaonyesha hekta 10,000 za mahindi na hekta 30,000 zisizo za mahindi. Wahojaji wanatembelea sehemu 100 za kila fungu. Katika fungu la mahindi wanakuta mahindi mahali 80, na katika fungu la pili wanakuta mahindi yaliyosahauliwa mahali 10. Basi mahindi halisi yanakadiriwa kuwa hekta 8,000 kutoka fungu la kwanza na hekta 3,000 kutoka la pili, jumla 11,000, wala si 10,000 zilizohesabiwa kwenye rangi. Makosa ya upande huu hayakufuta makosa ya upande ule. Hekta 1,000 zilizopotea ni chakula ambacho kingekosekana katika hesabu ya nchi, au mbolea ambayo isingepelekwa mahali inapohitajika, na zote zilipotea katika ramani ambayo jumla ya usahihi wake, ukipiga hesabu, inazidi asilimia 87.

Sasa ile kura. Pikseli moja inaweza kuwa mahindi kwa kura 95 kati ya 100, na jirani yake ikawa mahindi kwa kura 41, mtama ukapata 38 na nyasi 21. Katika ramani ya kawaida zote mbili hupakwa manjano ileile, na tofauti kubwa iliyokuwemo ndani ya kompyuta hufutwa wakati wa kuchora. Huo ni upotevu usio wa lazima, na kwangu ndio upungufu mkubwa zaidi wa ramani nyingi zinazosambazwa. Kura hizo zinaweza kuhifadhiwa kama tabaka la pili, kisha manjano ikakoza mahali pa uhakika na kupauka mahali pa shaka, au mahali pa shaka pakachorwa mistari. Ramani ya namna hiyo haipendezi sana kwenye televisheni. Hata hivyo, humwonyesha afisa wa ugani aende wapi kesho kuhakiki, na humwambia anayepanga bima ya mazao ni maeneo gani ambayo bado hayajawa tayari kuamuliwa kwa rangi.

Kwa hiyo mwenye shamba aliyekuta maharagwe yake yamepakwa rangi ya mahindi ana jambo la kufanya lenye faida kuliko kuitupa ramani. Akipatiwa nafasi na ofisi ya kilimo ya kaunti au na watafiti waliochora, ataje mambo matatu: mahali halisi pa shamba kama simu inavyopasoma akiwa amesimama katikati yake, si langoni; zao au mazao yaliyomo, pamoja na yale yaliyopandwa kati ya mistari; na mwezi wa kupanda na wa kuvuna. Maelezo hayo ndiyo yaleyale ambayo wahojaji hutumwa kuyatafuta kwa gharama kubwa, na yakitoka Makueni au Murang'a kwenye mashamba ya robo ekari, yanaifundisha kompyuta kitu ambacho maelfu ya pikseli za mashamba makubwa ya ngano hayawezi kuifundisha.